Mbwa Asiyechoka wa Lhubiriha

Ronnie Arinda aliiona bahati yake ikitoka majini na kandambili mdomoni.

Ilikuwa siku ya soko pale Mpondwe, na mto Lhubiriha ulikuwa umekunywa mvua ya mlimani mpaka ukavimba, maji rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja alikuwa anavuka kutoka upande wa Kongo, beseni la vitenge kichwani. Aliteleza kidogo tu, kandambili moja ikamtoka mguuni na kuondoka zake kuelekea ziwani bila kuaga. Hapo mbwa mmoja wa kahawia, manyoya ya kujikunjakunja, akaruka. Hakubweka. Hakuuliza bei. Aliogelea kichwa juu, mkia umenyooka nyuma kama usukani, akaikatia kandambili njia pale chini penye mawe, akaidaka, akarudi nayo mpaka kwa mwanamke mnene aliyekuwa anakaanga mandazi ukingoni. Akaiweka miguuni kwake na kujikung'uta.

Yule mwanamke akageuza andazi. "Kandambili iko hapa," alisema, bila kumtazama mtu. "Mwenyewe alete soda."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mama Bulandina, na ilikuwa na nguvu kuliko sheria nyingi zilizopitishwa Kampala: kitu kikishatolewa mtoni na mbwa wake ni chake, mpaka mwenyewe alete soda.

Ronnie alikuwa ameenda Bwera, mji wa hapo jirani, kuuza simu ambayo ilikuwa haiwaki. Akaiweka mfukoni, akaketi. Mpaka jioni alikuwa ameona mbwa akileta jerikeni, kofia ya askari, furushi la vitenge ambalo mwenyewe alilitupa majini alipowaona watu wa kodi, na kuku aliyekuwa ameshakata tamaa. Maji yale yanatoka kwenye barafu ya Rwenzori. Mtu akiingia hapo anakumbuka madhambi yake yote. Lakini mbwa, baada ya kazi moja au mbili, anazunguka nyuma ya nyumba, halafu anarudi mkavu, macho maangavu, kama ametoka kuzaliwa.

"Mama, hii mbwa haichoki?"

"Ichoke na nini? Iko na kazi."

Vijana wa boda waliokuwa wanasubiri abiria wakacheka. Ronnie naye akacheka. Hakujua wanacheka nini, lakini katika kazi yake ni vizuri kucheka na watu kabla ya kuwaibia.

"Inaitwa nani?"

"Thembo."

"Jina nzuri."

"Ni jina yake."

Hapo kijana mmoja wa boda, Nobert, alilazimika kushuka kwenye pikipiki ili acheke vizuri. Msomaji wa Bwera ameshaelewa, na ninamwomba anyamaze. Wengine tutafika polepole.

Huyu Ronnie alikuwa mtu wa pande za Mbarara, alikuja Kasese na mvua ya kwanza. Kwa muda mfupi alikuwa amefanya mema mengi. Alimuuzia mwalimu mmoja kiwanja kizuri, chenye upepo, na mwalimu alipoenda kupima msingi akakutana na nyati, kwa sababu kiwanja kilikuwa ndani ya mbuga ya wanyama. Kitu kimoja tu Ronnie alikipata kwa haki: pikipiki yake nyekundu. Aliipangusa kila asubuhi kwa shati la zamani. Mtu wa kazi kama yake hahitaji sana kufika, anahitaji kuondoka.

Na safari hii alitaka kuondoka na vanila ya Madamu Proscovia.

Madamu Proscovia Kyomuhendo alikuwa na stoo kubwa Kasese mjini, ananunua kahawa na vanila. Mizani yake ilijulikana mpaka Kyarumba, kule milimani. Wanawake walikuwa wanashuka zile njia za milima, mzigo kichwani, shingo zimesimama, na kila mzigo uliotoka nyumbani mzito ulifika kwa Proscovia umekuwa mwepesi. Alisema ni joto la Kasese.

"Madamu," Ronnie alimwambia, akiwa amevaa miwani na huzuni, "hiyo kodi ya kutoa vanila nje, wewe unalipa?"

"Unauliza kama nani?"

"Kama mtu anayekuhurumia."

Proscovia akamsogezea kiti. Kuhurumiwa kulikuwa kitu kigeni kwake.

Ronnie akamweleza. Kule Kasindi, ng'ambo tu ya mto, kuna Mfaransa, Musyé Lambere, ananunua vanila bei mara mbili, tena kwa dola. Darajani kuna watu wa kodi. Kwenye njia za panya kuna askari. Lakini majini?

"Madamu, wewe umeshaona mbwa anasimamishwa mpakani anaulizwa amebeba nini?"

Proscovia akafikiri kwa haki kabisa. Hajawahi.

"Ni mbwa wa maji, nyabo. Wazungu waliwazalisha kwa hiyo kazi. Baharini wanapeleka barua kutoka meli moja mpaka nyingine, wanafukuza samaki waingie kwenye nyavu, wanazama kuleta kamba iliyopotea. Angalia mguu: iko na ngozi kati ya vidole, kama bata. Manyoya haishiki baridi. Hii iko moja tu Afrika nzima."

"Inaitwa nani?"

"Thembo."

"Kama Mukonzo, mtu wa milima hii?"

"Ilibatizwa huku."

Mambo ya meli na bata, ngoja tuwe wakweli, hayakuwa uongo. Mama yao alikuwa mbwa wa maji kweli, aliachwa na mhandisi mmoja mzungu aliyerudi kwao. Nimesema "mama yao". Limenitoroka.

Ilibaki kumpata mbwa mwenyewe. Mama Bulandina alikataa kuuza.

"Kuazima basi."

"Kuazima naweza. Utaweka nini?"

"Neno langu."

Mama Bulandina akageuza andazi lililokuwa halihitaji kugeuzwa. "Ile kitu nyekundu iko nyuma yako inaitwa nani?"

Ronnie akaigeukia pikipiki yake, ikamuuma. Lakini ilikuwa kwa muda mfupi tu. Vanila ikishavuka, anarudisha mbwa, anachukua ufunguo, anaondoka.

"Mbwa ikirudi, pikipiki inatoka," alisema Mama Bulandina. "Nakupa Thembo, unarudisha Thembo. Nobert, umesikia?"

"Nimesikia, mama," Nobert alisema, na uso wake ulikuwa mtakatifu.

"Na itabeba nini, mbwa yangu?"

Ronnie, ambaye mdomo wake ulikuwa ndio mtaji wake na ndio hasara yake, akasema ni vanila ya Proscovia wa Kasese.

"Yule wa mizani?"

"Huyo huyo."

Mama Bulandina alizaliwa Kyarumba. Dada zake bado walikuwa wanashusha mizigo kwa kichwa. Lakini hakusema hivyo. Alisema tu mbwa wake hupeleka kitu kwa mtu aliyevaa kitambaa chake, basi, akavua kile cha maua ya njano kilichokuwa kichwani kwake. "Huyo wako wa Kasindi afunge hii. Bila hii mbwa haimujui."

Huyo wa Kasindi alikuwa Akena, askari wa zamani aliyekuwa amechoka kubeba saruji. Ronnie alimtafutia koti na tai ili awe ajenti wa Musyé Lambere. Kitambaa cha maua kikaleta shida.

"Bosi, mimi nilipigana vita. Hii hapana."

"Ni hii au saruji."

Akena akafunga kitambaa.

Siku ya kujaribu, Proscovia alileta kifurushi kidogo tu cha vanila, akasimama chini ya mwavuli upande wa Uganda. Ronnie akakitia kwenye mfuko wa mpira uliojaa hewa ili uelee, akampa Thembo kamba. Mbwa akaingia majini kama mtu anayeingia kazini. Karibu na ng'ambo kuna kisiwa kidogo cha matete. Mbwa akapita nyuma yake, akapotea kidogo, akatokea tena, akapanda ukingo moja kwa moja mpaka kwa Akena.

"Yule mwenye kilemba ni nani?" Proscovia aliuliza.

"Ajenti. Huko Ufaransa ndiyo fasheni."

Mbwa akarudi na dola ndani ya mfuko. Zilikuwa dola za kweli. Ronnie aliziachia kama mtu anayeng'olewa jino. Proscovia akazinusa, akaziinua juani, akaziingiza ndani ya gauni mahali ambapo dola hazirudi tena.

"Siku ya soko inayokuja," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "naleta yote."

Akaleta yote. Vanila ya msimu mzima, iliyokaushwa, nyeusi, imefungwa kwa mafungu, inanukia mpaka mbuzi wa soko walikuwa wanageuka. Ikajaza mfuko mkubwa wa mpira. Asubuhi hiyo mto ulikuwa umepanda zaidi. Ng'ambo, Akena alisimama na tai yake na maua yake. Kwenye kile kisiwa cha matete binti mmoja alikuwa anakata matete ya mikeka, kazi ya kawaida, na hakuna aliyemtazama. Alikuwa Rusi, binti wa Mama Bulandina. Naye alikuwa amefunga kitambaa cha maua ya njano.

Thembo akakamata kamba, akavuta. Maji yakamsukuma, naye akayaacha yamsukume, akijua yatamfikisha wapi. Akapita nyuma ya matete. Mbwa akatokea, mfuko unaelea nyuma yake, akampelekea Akena. Akena akaubeba begani, akapotea sokoni Kasindi.

Hapo Ronnie aliona kitu kikamsumbua kidogo. Mpango ulikuwa wasubiriane stendi ya Kasindi. Lakini mtu anayeenda kukusubiri hugeuka nyuma mara moja. Akena hakugeuka. Alitembea kama jeshi linalorudi nyuma kwa nidhamu.

Mbwa akarudi mikono mitupu, kama mbwa anaweza kusemwa hivyo.

"Dola?" Proscovia aliuliza.

"Zinakuja, nyabo. Mzigo ni mkubwa, ajenti ameenda kwa Musyé. Ngoja nirudishe mbwa ipumzike, ni sheria ya hawa mbwa wa wazungu."

Akamfunga mbwa kamba shingoni, akatembea polepole mpaka mahali Proscovia hamwoni, halafu akakimbia. Kwa Mama Bulandina pikipiki nyekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kwenye benchi alikuwepo askari mmoja wa mpakani, afande kabisa, bunduki magotini, anakunywa chai.

"Mama, mbwa hii hapa. Ufunguo."

Mama Bulandina akamtazama mbwa.

"Hii si Thembo."

"Mama?"

"Nilikupa Thembo. Hii ni Kule."

"Mama, usinichezee. Mbwa ni moja!"

Vijana wa boda wote walisogea karibu, kama waumini kabla ya sadaka.

"Nobert," alisema Mama Bulandina.

Nobert akachuchumaa, akamkagua mbwa masikio na kucha kama daktari wa serikali. "Hii ni Kule. Kabisa. Thembo ana kidonda pale puani."

"Nilikuambia jina yake, ama sikukuambia?" Mama Bulandina alimuuliza Ronnie.

"Uliniambia Thembo," alisema Ronnie.

"Na kwetu Thembo ni kijana wa ngapi?"

Ronnie hakujua. Kwao mtoto anaitwa kwa kile ambacho wazazi walikuwa wanamwomba Mungu siku hiyo.

"Afande, mwambie."

Afande alikuwa Mukonzo wa Nyakiyumbu. Akameza chai kwanza. "Mumbere, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Thembo ni kijana wa tano. Hata mutoto anajua."

"Wa tano!" alisema Mama Bulandina. "Wewe, mutu muzima na miwani, unaonyeshwa wa tano, na huulizi wale wane beko wapi?"

Akapiga mluzi. Nyuma ya nyumba wakatoka watatu, kahawia, manyoya ya kujikunja, wakavu, wanapiga miayo. Walikuwa wanafanya kazi kwa zamu, kama watu wa kiwanda cha saruji. Mumbere alikuwa anaingia asubuhi. Katekista aliwahi kulalamika kwamba mbwa hawapewi majina ya watu, Mama Bulandina akamwambia walizaliwa kwa mpangilio huo huo, sasa yeye adanganye?

"Basi chukua huyu," Ronnie alisema. "Ni ndugu yake! Wanafanana!"

"Kule alikuwa yangu tangu zamani. Sasa unataka unilipe na mbwa yangu? Leta Thembo, pikipiki inatoka. Afande, nimesema vibaya?"

"Hapana, mama. Iko wazi."

Simu ya Ronnie ikalia. Ile inayowaka. Alikuwa Akena, na hakuhitaji simu, sauti yake ingefika yenyewe kutoka Kasindi.

"Wewe mwizi! Mfuko iko na maganda ya maharage! Maharage tupu!"

"Nani mwizi? Si wewe umekimbia nayo?"

"Nimekimbia nayo, ndiyo, lakini sikujua iko maharage!"

Hapo ndipo hesabu ilianza kumjia Ronnie. Thembo aliingia nyuma ya matete. Kule akatoka na mfuko mwingine. Kwa hiyo Thembo, na kile alichokuwa anavuta... Hakuimalizia, kwa sababu mwavuli wa Proscovia ulitokea kwenye njia, chini yake Proscovia, nyuma yake dereva wake, mtu ambaye milango ya pikapu ilikuwa midogo kwake.

"Arinda! Iko wapi?"

"Iko wapi nini, madamu?" afande aliuliza kwa upole, maana alikuwa kazini.

Proscovia akaiona bunduki. Akaona na ile sare. Akapunguza sauti. "Kitu... cha kanisa, afande."

"Kanisa gani?"

Wakati Proscovia anatafuta kanisa, Ronnie alitazama njia: imejaa dereva. Akatazama pikipiki yake: ufunguo ulikuwa kwenye kifua cha Mama Bulandina. Akatazama mto. Kongo ilikuwa karibu, ungeweza kuirushia jiwe.

Akaruka.

Watu wa kwao wanajua ng'ombe. Maji wanayajua kwenye kikombe. Lhubiriha ulimpokea, ukamgeuza chali, ukamgeuza kifudifudi, ukamvua miwani, ukaanza kumpeleka ziwani njia ile ile ya kandambili. Alipaza sauti mara moja. Mara ya pili maji yakaingia ndani kusikiliza.

Wakati huo mbwa mmoja alikuwa anatoka kwenye matete, kazi yake imekwisha, anarudi nyumbani. Akaona kitu kinaelea. Alifundishwa jambo moja tu maishani. Akaogelea, kichwa juu, mkia kama usukani, akakikatia njia pale chini penye mawe, akakidaka kwenye kola ya shati, akakivuta. Kilikuwa kizito na kilikuwa kinapiga mateke, lakini hata furushi la vitenge lina ubishi wake. Akapanda nacho ukingoni, akakiburuta matopeni mpaka penye karai la mandazi, akakiweka miguuni kwa Mama Bulandina. Akajikung'uta.

"Thembo, mwana wangu," alisema Mama Bulandina, "nimekukataza mara ngapi kuleta takataka?"

Ronnie alitema mto kidogo. Halafu akili yake, ambayo haikuwahi kulala hata ikiwa chini ya maji, ikaamka.

"Thembo!" alisema, akimkumbatia mbwa. "Mama, Thembo huyu hapa! Na kidonda puani! Amerudi! Ufunguo!"

Wote wakamgeukia Mama Bulandina. Hata Proscovia. Ilionekana kwamba, kwa sheria, kijana amepata.

Mama Bulandina akatoa andazi kwenye mafuta, akaliacha lichuje.

"Amerudi," alikubali. "Lakini mapatano ilikuwa wewe unirudishie Thembo. Afande, hapa nani amemurudisha nani?"

Afande akatafakari. "Mbwa ndiye amemurudisha huyu."

"Wasingya, afande," akamshukuru.

Uso wa Ronnie ulikuwa bado ndani ya manyoya ya Thembo, na hapo akanusa. Chini ya harufu ya mbwa na ya matope kulikuwa na harufu nyingine, tamu, nzito, ya ghali. Akainua macho. Rusi alikuwa anakuja kutoka darajani, tita la matete kichwani, shingo imesimama. Alikuwa amepita mbele ya watu wa kodi kama raia mwema, na wengine walimsalimia. Akapiga goti kidogo kwa afande, akazunguka nyuma ya nyumba, mama yake akampa kitu kidogo kinachong'aa alipompita. Baada ya muda pikipiki nyekundu ikanguruma, ikatoka na Rusi na matete yake, ikashika barabara ya kwenda Kyarumba.

Ronnie alifungua mdomo. Afande alikuwa anamtazama, mkono juu ya bunduki, tayari kuandika kosa lolote litakalotajwa, kwa mfano la kuvusha vanila bila kodi. Ronnie akafunga mdomo. Proscovia naye, ambaye pua yake ilinunua vanila miaka mingi, alikuwa anageuza kichwa huku na huku, puani kunacheza.

"Mandazi yako leo inanukia, mama," afande alisema, akitafuna.

"Ni iliki, afande."

Proscovia akamtazama Mama Bulandina. Mama Bulandina akamtazama Proscovia. Kati yao kulikuwa na milima mingi na mizani moja. Halafu Proscovia akafunga mwavuli, akamkamata Ronnie sikio.

"Sawa," alisema. "Huyu basi ni wangu. Ataenda kubeba magunia stoo mpaka nitosheke. Dereva, mtie nyuma."

Dereva akainama. Mbwa watano wakasimama, wakamzunguka Ronnie, wakatazama mahali tofauti kidogo kwenye miguu ya dereva. Dereva akanyooka tena.

"Madamu, hapa kuna sheria," alisema Mama Bulandina. "Ametoka mtoni."

Proscovia akavuta pumzi ndefu. Akatumbukiza mkono ndani ya gauni, pale dola zilipokuwa.

"Soda gani?"

"Ya machungwa. Na ulete mbili," alisema Mama Bulandina, akigeuza andazi. "Huyu alikuwa muzito."